Kiti Kilichokatazwa Kutembea

Ilikuwako nchi moja, na kwa bahati njema si hii yetu, ambayo serikali yake iliwapenda watu wake kiasi kwamba haikuwaachia waanze kutumia kitu chochote kabla kitu hicho hakijasherehekewa ipasavyo.

Daraja likijengwa, lilingoja kuzinduliwa. Wakati wa kungoja, watu walivuka mto pale chini yake huku wamepandisha nguo, na walilisifu kwa kivuli chake. Bomba la maji likifika kijijini, lilifungwa utepe, na akina mama walipita hapo na ndoo zao kwenda kisimani, wakilisalimu. Zahanati moja ilipata kipimajoto kipya. Kikawekwa ndani ya sanduku la kioo kumsubiri mgeni rasmi, na wagonjwa wenye homa waliruhusiwa kukitazama. Hakuna aliyelalamika kwa sauti. Walikuwa wameelezwa kwamba kitu kinachotumika kabla ya kuzinduliwa hupata fedheha, na hakuna aliyetaka kulifedhehesha bomba.

Katika nchi hiyo, mtaa wa Bondeni, aliishi Bi Mwatumu binti Shekue, mdarizi wa kofia. Miguu yake ilistaafu mapema kuliko yeye mwenyewe. Alitembea uani kwake kwa kujiburura juu ya kipande cha gunia, akijisukuma kwa viganja ambavyo vilikuwa vimekomaa kama soli. Jirani yake, fundi viatu aitwaye Kombo, kila alfajiri aliufagia kwanza ua wa Bi Mwatumu, kisha wake, akiokota vijiwe kimoja kimoja visije vikamchoma mama wa watu mikononi. Hakuwahi kulitaja jambo hilo, na Bi Mwatumu hakuwahi kumshukuru kwa maneno. Alimdarizia kofia kila sikukuu, basi, wakaelewana.

Binti yake wa pekee, Sauda, aliolewa mtaa wa Mwinuko, juu kule kwenye barabara ya lami, na sasa alikuwa na mimba yake ya kwanza. Hapo ndipo yalipoanzia mambo yote haya.

Watu wa huko walikuwa na desturi. Mtoto mchanga hakutolewa nje ya nyumba mpaka arobaini yake itimie. Siku hiyo bibi mzaa mama ndiye aliyempakata, akavuka naye kizingiti, akampitisha nyumba za jirani na kumwonyesha dunia. Mama yake Bi Mwatumu alimtoa Sauda vivyo hivyo, na Bi Mwatumu alikuwa akiingoja zamu yake tangu siku ile.

"Mie nitamtoa," alisema Bi Mashavu, mama yake mume wa Sauda, siku walipolizungumza jambo hilo. "Wewe utakaa zako kwenye mkeka, umpokee huko nje."

"Mtoto anatolewa na bibi mzaa mama."

"Kwa miguu ipi, mkwe?"

Bi Mashavu alikuwa na ulimi mkali na moyo laini, na kawaida ulimi ndio uliotangulia kufika.

"Tutakubeba, mama," Sauda akasema upesi. "Wewe umpakate mtoto, sisi tukubebe."

"Mkinibeba mimi na yeye, basi waliomtoa ni nyinyi," akajibu Bi Mwatumu. "Mtoto anatolewa na mtu anayekwenda mwenyewe. Mimi nitakwenda. Sijui kwa kitu gani, ila nitakwenda."

Wiki ile ile redio ikatangaza Mpango wa Taifa wa Visaidizi vya Kisasa kwa Watu Wenye Ulemavu. Kaulimbiu yake ilikuwa "Kila Raia na Gurudumu Lake". Bi Mwatumu aliposikia neno gurudumu, aliweka sindano chini.

*

Ofisi ya Mpango ilikuwa ghorofa ya juu kabisa ya jengo refu la serikali, ili wakubwa waweze kuwaona wananchi wote vizuri. Lifti ilikuwapo, ya kioo, nzuri kupita kiasi. Ilikuwa imefungwa utepe.

Kombo akambeba Bi Mwatumu mgongoni. Walipofika juu, fundi viatu akaegemea ukuta akitweta, na karani mmoja wa kike, mwenye sura ya upole, akamkaribisha mama kitini na kumpa maji ya chupa yake mwenyewe. Kisha akaanza kazi.

"Umefikaje huku juu, mama?"

"Nimebebwa na jirani."

Karani akaandika. "Kwa hiyo chombo cha usafiri unacho."

"Ni jirani, mwanangu."

"Anakwenda?"

"Anakwenda."

"Anaweza kukata kona, kushoto na kulia?"

Bi Mwatumu akamtazama Kombo. Kombo, akiwa bado anatafuta pumzi, akakiri kwamba kona anaweza.

"Basi utaratibu hauniruhusu," karani akasema, na alisikitika kwelikweli. "Aliyefika huku juu anahesabiwa kuwa ana uwezo wa kufika. Asiyefika hatuwezi kumwandikisha, kwa kuwa hayupo."

"Nimekuelewa. Ahsante kwa maji, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Ikatokea kwamba wakati huo mlango wa ndani ulikuwa wazi, na Mratibu wa Taifa, Bwana Chanzera, alikuwa anatoka kwenda kwenye kikao. Alikuwa mtu wa tai nene na sauti nene zaidi. Akasimama.

"Rudia hiyo ahsante," akasema.

"Ahsante, mwanangu."

"Na macho yale yale. Tena inua kidevu kidogo."

Bi Mwatumu akainua kidevu. Bwana Chanzera akamzunguka taratibu, kama mtu anayechagua mlango wa nyumba mpya.

"Mama," akasema, "katika taifa hili wenye uhitaji ni wengi mno, lakini wenye kushukuru vizuri ni wachache na wanazidi kupungua. Tulikuwa na mzee mmoja, mhitaji wa hali ya juu, miguu yote miwili, ila alikuwa na tabia ya kuuliza maswali. Wewe tumekuchagua. Kuanzia leo wewe ni Mnufaika wa Taifa."

"Kiti nitakipata kabla binti yangu hajajifungua?"

"Mapema kuliko hapo," akajibu Bwana Chanzera, naye aliamini kila alichokisema, maana alikuwa na moyo wa kuamini.

*

Kiti kilikuja baada ya Bi Mwatumu kumaliza kofia kadhaa. Kilikuwa cha buluu, chenye kung'aa, mikono yake ya sponji, na utepe mwekundu ulifungwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Magurudumu yake yalizungushiwa nailoni tabaka juu ya tabaka mpaka yakawa kama mikate ya bofulo. Kililetwa kikiwa kimebebwa juu ya miti miwili na wanaume wanne waliovaa sare za kijani, Bwana Chanzera akiwatangulia.

Mkubwa wao alikuwa Mdoe, mtu wa makamo mwenye mabega ya kubebea magunia ya chumvi, kazi aliyoifanya kabla ya kuajiriwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona mmekibeba? Hakina hewa?"

Mdoe akamtazama Bwana Chanzera. Bwana Chanzera akakohoa na kufungua kitabu cha kanuni.

"Kanuni ya Tisa," akasoma. "Kiti kitakuwa mali halali ya mnufaika tangu pale magurudumu yake yatakapozunguka, naye akiwa ameketi juu yake."

"Basi tuyazungushe," akasema Bi Mwatumu.

Bwana Chanzera akacheka kwa huruma. "Hiyo ndiyo hatari yenyewe, mama. Kikizunguka tu, kimekuwa chako. Je, hizo wilaya nyingine tutazizindulia nini?"

"Si kuna viti vingine?"

"Vipo vya kutosha. Viko njiani."

Mdoe akageuza uso akatazama ukuta. Baadaye, walipokuwa peke yao, alimweleza mama kwamba viti hivyo vilikuwa njiani tangu enzi ya waziri aliyemtangulia yule aliyemtangulia huyu wa sasa, na kwamba huenda navyo vilikuwa vinabebwa.

Basi Bi Mwatumu akakalishwa juu ya kiti chake, kiti kikanyanyuliwa, na serikali iliyokuwa haijaweza kumpa gurudumu moja la kuzunguka ikampa wanaume wanne wenye mishahara, gari la kubebea wanaume hao, na gari jingine la kubebea maturubai.

"Ni uzinduzi mmoja tu, mdogo, wilaya ya jirani," Bwana Chanzera akamwambia. "Halafu nyumbani."

*

Ulikuwako Uzinduzi wa Awali. Ukafuatiwa na Utangulizi wa Uzinduzi, na Uzinduzi wa Kanda, na Uzinduzi wa Marudio kwa wale waliokuwa msibani. Wilaya moja ilidai izinduliwe upya kwa sababu mpiga picha alisahau kufungua kamera.

Kila mahali mambo yalikuwa yale yale. Wageni waheshimiwa waliketi chini ya turubai kwenye viti vyenye mito, na wenye ulemavu wa wilaya, ambao shughuli ilikuwa yao, waliwekwa juani ili waonekane vizuri. Mgeni rasmi alizungumza mpaka ngoma zikapoteza mkazo wa ngozi. Mkasi wa dhahabu uliletwa juu ya mto, utepe ukakatwa, watu wakapiga makofi, Bi Mwatumu akasema ahsante na kidevu chake juu. Kisha wanaume wanne wakainama, wakanyanyua, na utepe mpya ukafungwa njiani.

Kwa kuwa kila wilaya ilipaswa kuwa na mnufaika wake mwenyewe, alipewa jina la kila mahali. Alikuwa Mama Zuhura, alikuwa Bibi Kalunde, na siku moja, katika wilaya ambayo shabaha yake ilikuwa vijana wa kiume, Mkuu wa Wilaya alimshika bega mbele ya umati na kusema, "Kijana huyu ana ndoto kubwa." Bi Mwatumu akakubali kwa kichwa. Ndoto alikuwa nayo kweli.

Siku hiyo mwanamke mmoja alijiburura kutoka juani mpaka miguuni pa kiti. Viganja vyake vilikuwa kama vya Bi Mwatumu. Akaigusa nailoni ya gurudumu, akaibonyeza kwa kidole.

"Kinakwendaje, mwenzangu?" akauliza.

"Sijui, mwenzangu. Sijawahi kukiona kikienda."

Wakatazamana. Bi Mwatumu akafungua kitambaa alichokuwa amefungia vitambaa vyake vya kudarizi, akatoa vile viwili vinene zaidi, akamfunga yule mwanamke viganjani mpaka fundo likakaa vizuri. Mshereheshaji akatangaza kwamba hiyo ni ishara ya mshikamano na akaomba makofi.

Katika safari zote hizo, Bi Mwatumu aligundua jambo moja. Kila walipofika kwenye mteremko, Mdoe alizunguka na kushika upande wa chini. Mzigo wote ukamwelemea yeye, mgongo wake ukapinda, na kiti kikabaki sawa kama kimewekwa sebuleni. Wenzake walidhani anapenda kuongoza. Bi Mwatumu akaanza kumwekea nusu ya mkate wake wa asubuhi, na Mdoe akala.

Wakiwa wilaya ya mbali kabisa, simu ya Mdoe ikalia. Akasikiliza, kisha akamkabidhi mama kwa mikono miwili.

"Mama," ilikuwa sauti ya Sauda, imechoka na inacheka. "Ni wa kike. Ana kidevu chako."

Bi Mwatumu akajigusa kidevu, simu imebanwa sikioni.

"Mama, upo?"

"Nipo, mwanangu. Nipo juu hapa, nimebebwa. Umekunywa uji?"

"Nimekunywa. Bi Mashavu ananinywesha kama ananidai. Mama, utafika kwenye arobaini?"

"Mimi ndiye ninayemtoa," akasema Bi Mwatumu. "Mwambie na mtoto."

Jioni hiyo alimwomba Bwana Chanzera ruhusa. Bwana Chanzera alimsikiliza macho yake yakiwa yamelowa, kwa sababu alikuwa mwepesi wa kuguswa.

"Mama, taifa zima ni wajukuu wako," akasema.

"Taifa limeshatoka nje, Bwana Mratibu. Huyu wangu bado yuko ndani."

"Uzinduzi Mkuu wa Kitaifa umepangwa hapo hapo mjini kwenu. Mtukufu mwenyewe ndiye mgeni rasmi. Siku hiyo magurudumu yatazunguka, kwa kibali chake, mbele ya dunia. Unaona tunavyokufikiria?"

"Ni siku gani?"

Akamtajia. Ilikuwa siku ya arobaini.

*

Kule Mwinuko desturi ilikuwa wazi: mtoto atolewe kabla ya jua kuzama. Likizama yumo ndani, basi hutolewa kesho yake na yeyote, kimyakimya, bila shangwe. Bi Mwatumu aliijua saa yake. Kuanzia asubuhi alikuwa amekaa juu ya kiti, katikati ya uwanja wa mpira, utepe kifuani, akimngoja Mtukufu.

Maturubai yalijaa. Bendi ya matarumbeta ilijua nyimbo mbili tu, wimbo wa taifa na wimbo wa kumpokea Mtukufu, na ilikuwa imeshazipiga zote mara nyingi.

Kabla ya adhuhuri mshereheshaji akapanda jukwaani. "Mtukufu amepata udhuru. Atawakilishwa na Waziri Mkuu."

Watu wakapiga makofi. Katika nchi hiyo, mwakilishi wa mgeni rasmi alikuwa mgeni rasmi mwenyewe. Neno lake lilikuwa neno la aliyemtuma, na aliyeupinga mdomo wake alikuwa ameupinga mdomo wa mkubwa. Ndivyo heshima ya Mtukufu ilivyoweza kuwa mahali pengi kwa wakati mmoja.

Baada ya chakula cha mchana cha wageni, mshereheshaji akarudi. Waziri Mkuu alikuwa anampokea mgeni wa nchi za nje, kwa hiyo angewakilishwa na Waziri wa Visaidizi, Uwezeshaji na Mambo Yanayofanana na Hayo. Waziri alikuwa kwenye harusi, kwa hiyo angewakilishwa na Katibu wake. Katibu alikuwa amekwama nyuma ya msafara wa Mtukufu, uliokuwa ukienda kwingine. Akamteua Bwana Chanzera.

Jua lilikuwa limeanza kuinama. Watu wa televisheni, walipoona hakuna mkubwa, walikunja nyaya zao wakaondoka. Bwana Chanzera akayatazama maturubai yaliyobaki na watu wachache, kisha akatazama saa yake. Hotelini alikuwa na warsha kuhusu namna ya kuwafikia walengwa, na warsha ilikuwa na chakula cha jioni. Isitoshe, hakupenda kuzindua pasipo kamera. Aliona ni kama kula peke yake.

"Mdoe," akaita.

"Naam, Bwana Mratibu."

"Wewe utaniwakilisha. Hotuba hii hapa, mkasi huu hapa. Soma yote, kata, fungeni utepe mwingine, kesho tunaondoka." Akachomoa ua la mgeni rasmi kifuani pake, akambandika Mdoe kwenye sare yake ya kijani, akaingia garini.

Mshereheshaji alikuwa mtu wa utaratibu. Akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Mabibi na mabwana, namkaribisha Mtukufu, anayewakilishwa na Waziri Mkuu, anayewakilishwa na Mheshimiwa Waziri, anayewakilishwa na Katibu, anayewakilishwa na Mratibu wa Taifa, anayewakilishwa na Ndugu Mdoe, Mbebaji Daraja la Pili. Tusimame."

Uwanja mzima ukasimama, isipokuwa wale ambao shughuli ilikuwa yao.

Mdoe alikwenda mpaka kwenye kipaza sauti akiwa na hotuba nene mkononi. Hakuwa amezoea kusimama bila kitu begani, na ilionekana. Akaugeuza uso, akamwona Bi Mwatumu. Mama hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama kule Mwinuko, na mikono yake ilikuwa imekaa mapajani kama mtu aliyepakata.

"Nitazindua," akasema Mdoe. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka, akashtuka, akaanza tena. "Nitazindua. Lakini si hapa."

Mshereheshaji akamnong'oneza, "Ratiba inasema hapa, Mtukufu."

"Nani ameitia sahihi ratiba?"

"Wewe, Mtukufu."

"Basi nimebadilisha."

Akakunja hotuba, akaitia kwapani, akarudi kwenye kiti na kuinamia mti wake upande wa chini. Wenzake watatu wakaangaliana. Mmoja akasema, "Mtukufu anabeba?"

"Anabeba," akasema Mdoe. "Kwa mara ya mwisho. Nyanyueni."

*

Basi wakapanda Mwinuko. Bendi ikawafuata, kwa sababu kazi ya bendi ni kumfuata mgeni rasmi, na askari wa usalama barabarani walipoona ua kifuani walisimamisha magari.

Nyumbani kwa Sauda watu walikuwa wamejaa barazani, wamechoka kungoja. Bi Mashavu alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mikononi. Tangu alasiri alikuwa akiwaambia watu kwamba mtoto amelowa, akarudi naye ndani, akamfungua nguo na kumfunga upya, akarudi mlangoni, akasema amelowa tena. Hapajapata kuonekana mtoto wa arobaini aliyelowa mara nyingi kiasi kile.

"Umechelewa, mkwe," akasema alipoona kiti. "Mkono umenifa ganzi. Hebu ingia ndani utoke, jua lenyewe ndilo hilo."

Kombo fundi viatu alikuwa amefika kabla yao. Alikuwa ameng'oa ubao wa meza yake ya kazi, akaulaza kizingitini na kuukandamiza kwa mawe, na sasa alikuwa anaufagia.

Wakakibeba kiti mpaka chumbani, wakakiweka chini. Mdoe akasimama mlangoni akaifunua hotuba. Ilikuwa na kurasa nyingi, na mwanzo wake ulikuwa unawatambua waheshimiwa ambao hawakuwepo. Akafunua ukurasa wa pili. Akafunua wa mwisho. Jua lilikuwa limegusa paa la nyumba ya mbele.

"Mtukufu anasema," akasema Mdoe, "haya mama, twende."

Akakata utepe. Akajaribu kuikata nailoni, lakini mkasi wa dhahabu ulikuwa umetengenezwa kwa ajili ya tepe tu, ukapinda. Bi Mashavu akampa Sauda mtoto, akaingia chumba cha ndani, akarudi na mkasi mdogo mweusi waliomnyolea mtoto nywele za kwanza asubuhi ile. Akachutama, yeye na magoti yake mabovu, akaichana nailoni tabaka kwa tabaka, huku akiwalaumu watengenezaji wa nailoni na wazazi wao.

Sauda akamweka mtoto mapajani mwa mama yake.

Bi Mwatumu akamtazama. Kidevu kilikuwa chake kweli. Kisha akaweka viganja vyake juu ya magurudumu, viganja vile vile vya gunia na uani, akasukuma. Kiti kikalia kidogo, kama kitu kinachoamshwa. Halafu kikaenda. Kikapanda ubao wa Kombo, kikavuka kizingiti, kikashuka, na mwanga wa jioni ukamwangukia mtoto usoni. Akakunja uso, akapiga chafya.

"Hii ndiyo dunia," bibi yake akamwambia. "Ina vumbi. Utazoea."

Vigelegele vikapigwa. Bendi ikapiga wimbo wa kumpokea Mtukufu, ila waliupiga taratibu na chini kwa chini, mtoto asishtuke. Bi Mwatumu akaenda nyumba ya kwanza, akaenda ya pili. Wale wanaume wanne walimfuata nyuma kwa hatua moja, mikono imening'inia, mabega yao hayajui yafanye nini.

Bi Mwatumu akasimama, akageuza kichwa.

"Mnanifuata kama mnasindikiza jeneza," akasema. "Njooni hapa kando tutembee."

*

Kesho yake Bwana Chanzera alikuja amehamaki. Alimkuta Bi Mwatumu kwa Sauda, akimwogesha mjukuu huku amekaa kwenye kiti.

"Nani ametoa idhini?"

"Mtukufu," akasema Bi Mwatumu. "Watu wote walimsikia. Karibu chai."

Bwana Chanzera akafungua Kanuni ya Tisa, akaisoma tena na tena kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta. Kumshitaki Mdoe kulikuwa ni kumshitaki aliyewakilishwa naye, na ukiipanda ngazi hiyo mwisho wake unafika mahali ambapo hapasemwi. Akafunga kitabu. Bi Mwatumu, alipoona hana pa kuweka mikono, akampa mtoto amshike wakati anatafuta taulo. Akamshika. Alimshika vizuri, kwa kweli, akiegemeza kichwa cha mtoto kwenye ile tai yake nene, na kwa muda mrefu hakuhutubia.

Mpango haukufa. Bwana Chanzera alipata picha kubwa ya kiti, yenye fremu, na wilaya zilizobaki zikazinduliwa kwa picha hiyo, ambayo ilikuwa nyepesi kubeba na haikuwa na hatari ya kuzunguka. Mdoe alipandishwa cheo, kwa kuwa haikufaa mtu aliyewahi kuwa Mtukufu, hata kwa jioni moja, arudi kubeba mizigo. Alipewa ofisi ghorofa ya juu. Siku ya kwanza akaibeba meza yake mwenyewe begani, akashuka nayo ngazi zote, akaiweka getini, na mtu wa kwanza kuhudumiwa hapo alikuwa yule mwanamke mwenye vitambaa viganjani. Viti bado viko njiani, lakini sasa kuna mtu anayepiga simu kila asubuhi kuuliza ni njia ipi.

Mwisho wa mwaka taarifa ya Mpango ilisomwa redioni. Mafanikio yalikuwa mengi mno, yakachukua kipindi kizima pamoja na cha kilimo kilichofuata. Hasara ilikuwa moja tu: kiti kimoja cha magurudumu kilipotea. Sababu ya kupotea, msomaji akasoma bila kusita, ni kwamba kilitumika.

Kombo alikuwa uani na ufagio wake aliposikia hayo. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Umesikia, Bi Mwatumu? Wanasema kiti chako kimepotea."

Bi Mwatumu alikuwa anafunga kilemba, tayari yuko kizingitini, mbele ya ubao ambao Kombo alikuwa ameuhamishia hapo.

"Hawajakosea, baba," akasema. "Saa hizi mimi huwa sionekani. Nitakuwa kwa Sauda."

Akashuka kwenye ubao, akakata kona kushoto, akaenda zake.